Mkono wa Kike

"Wanunua, mwanangu, ama wanusa tu?"

Mama muuza mikeka aliniuliza hivyo kando ya barabara pale Ukunda, na alikuwa na haki ya kuuliza. Nilikuwa nimeliinamia beseni lake, mkoba wangu wa hina ukining'inia begani, pua karibu iguse maji. Ndani ya beseni alikuwa ameloweka milala, yale majani marefu ya kusukia mikeka, ili yalainike. Harufu yake ilikuwa imenivuta kutoka ng'ambo ya barabara kama mtoto anavyomvuta mamake buibui. Ni harufu ya kitu kilichokauka kikaamua kurudi ubichini. Sikuwa na nafasi ya kusimama. Bibi harusi alikuwa akinisubiri Diani, na mimi ni mtu wa kufika mapema mno, nikakaa nje ya mlango nikiyapitia makosa ambayo bado sijayafanya.

"Nanusa, mama," nikamwambia.

Akacheka. "Basi nusa. Harufu siuzi."

Nachora hina, na nachora kwa mkono wa kushoto. Hakuna aliyenifunza. Nilijifunza mwenyewe kwa video za simu, lakini wachoraji wote niliowaona walitumia mkono wa kulia, na kila nilipowaiga maua yangu yalitoka yamevunjika shingo. Mwishowe niliiweka simu mbele ya kioo, nikawa natazama kiooni badala ya kutazama simu. Huko ndani mkono wao ukawa wa kushoto kama wangu. Nilijichora mapajani, chini ya dera, mahali ambapo hakuna mtu angeona, hadi nikaridhika. Ninasema niliridhika, lakini sina hakika kama nimewahi kuridhika na kitu chochote. Hata aya hii nimeifuta na kuiandika upya, na bado naiona imekaa upande.

Kila ninapoingia nyumba ya harusi, watu huuona mkono wangu kabla hawajayaona maua yangu. Hakosekani shangazi mmoja wa kuuliza, "Mwanangu, utamchora mwari wetu kwa huo?" Zamani swali hilo lilinitoa jasho mpaka koni ya hina ikaniteleza vidoleni. Siku hizi lanitoa jasho vile vile, ila nachora. Pale kando ya beseni nilikumbuka hiyo "ila" niliipata wapi.

Nilipokuwa mdogo, nyumbani Bongwe, niliamini kwamba kila binadamu ana mkono wake maalumu wa machozi. Sikulitunga jambo hilo. Watu wazima walilisema kutwa: mkono wa kulia, mkono wa kulia. Mimi kulia nilikujua. Kulia ni kule ambako mtu hukufanya anapoanguka, au mamake anapoondoka kwenda kazini kukiwa bado hakujapambazuka vizuri. Kwa hiyo niliona ni sawa kabisa kwamba mwili una mkono wa kufutia machozi, na kwamba huo mwingine, usiokuwa na huzuni, ndio wa kufanyia mambo mengine yote.

Siku moja kulikuwa na maulidi kwa jirani. Tuliketishwa watoto kuzunguka sinia la pilau, moshi wa udi ukituwasha macho, nami nikatia mkono nilioujua. Kofi likatua juu ya kiganja changu kabla sijaigusa nyama. Lilikuwa la mama mwenye nyumba.

"Kwa mkono wa kulia!" alisema.

Nikamtazama. Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, "Wa kulia, wewe! Wa kulia!"

Basi nikalia. Niliuinua mkono wangu wa kulia, nikaufunika uso, nikalia kwa bidii kama nilivyoagizwa.

"Haya, sasa walilia nini?"

"Si mumeniambia nilie?"

Wanawake walicheka hadi mmoja akamwaga sharubati. Nami nikaanza kucheka, kwa kuwa nilidhani nimefaulu. Mama yangu pekee hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na birika la maji ya kunawa, na uso wake ulikuwa umefungwa kama duka siku ya Ijumaa adhuhuri. Tulirudi nyumbani kabla ya dua kwisha.

Mama alikuwa akifanya kazi ya dobi katika hoteli moja kule Galu, kufua na kupiga pasi mashuka ya wageni. Alirudi jioni akinuka sabuni na mvuke. Alikuwa mwanamke mwenye hofu ya maneno ya watu, na hofu hiyo nimeirithi yote, bila kumwachia hata kidogo. "Watasema sikukulea," aliniambia siku ile. "Watasema nina mtoto anayekula kwa mkono wa chooni." Kisha akachana kipande cha leso kuukuu na kunifunga vidole vya mkono wa kushoto, vyote pamoja, taratibu, asije akaniumiza. Kipande hicho kilikuwa kimekatwa katikati ya maneno ya leso, na hadi leo sijui ile leso ilisema nini.

Nilikaa hivyo wiki nyingi. Chuoni, kwa ustadhi aliyetusomesha Kurani, nilichora herufi zilizoanguka kama walevi. Kikombe nilikishika kwa mkono wa kulia, kikaniponyoka. Siku moja kilipokuwa kikianguka, Mama aliyekuwa akimenya vitunguu alikidaka hewani, haraka, bila kutazama. Alikidaka kwa mkono wa kushoto. Nilistaajabia wepesi wake. Sikustaajabia mkono.

Shule zilipofungwa na hotelini kazi ikazidi, Mama alinipeleka Mkongani kwa mamake. Tulipanda bodaboda, mimi katikati. Kadiri tulivyozidi kuiacha barabara kuu ndivyo vumbi lilivyokuwa jekundu zaidi, na mikorosho ikatushika pande zote mbili. Bibi alikuwa ameketi barazani akisuka ukili, ule utepe mrefu wa majani ambao ukishonwa ubavu kwa ubavu ndio hupatikana mkeka. Hakuinuka. Mama aliinama akambusu mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda."

"Nakuachia huyu," Mama alisema. "Ana mashoto. Umnyooshe huo mkono. Ukinyooka, nitakuja kumchukua."

Bibi alimtazama kwa muda. "Kunyoosha nakujua," alisema. Mama akageuza uso akatazama mikorosho.

Nikalala na neno hilo moja: ukinyooka. Kwa hiyo usiponyooka, Mama haji. Hakuna aliyeniambia hivyo, lakini mtoto wa umri ule hujimalizia mwenyewe hesabu ambazo watu wazima wameziacha wazi.

Na jinsi Bibi anavyonyoosha vitu nilikuwa nishaiona. Aliyatwaa majani ya milala yaliyojikunja, akayaloweka katika beseni hadi yakalegea. Kisha akayalaza juu ya paja, akayapitisha kisu kidogo chembamba, shwii, yakatoka chane zilizonyooka, zote sawa. Nilielewa vizuri kabisa ni nini kinanisubiri.

Asubuhi iliyofuata niliamka mapema kuliko yeye. Nilikifungua kile kitambaa kwa meno, nikachuchumaa kando ya beseni, nikautumbukiza mkono mzima ndani, hadi kwenye kisugudi. Maji yalikuwa baridi. Nilikaa hapo hadi vidole vikakunjamana kama vya ajuza. Bibi alitoka na ndoo, akanikuta.

"Wafanya nini hapo, mke mwenzangu?"

Aliniita hivyo tangu siku ya kwanza. Babu alikuwa ameshafariki kabla sijazaliwa, lakini hilo halikumzuia Bibi kunionea wivu.

"Nalowesha mkono," nilimwambia.

"Uwe nini?"

"Ulainike. Ili nisiumie sana ukinichana."

Bibi aliitua ndoo. Nilingoja acheke, maana watu wazima hucheka, lakini hakucheka. Alikaa chini mavumbini pale pale, akautoa mkono wangu majini, akaukausha kidole kimoja kimoja kwa pindo la leso yake. Mikono yake ilikuwa migumu na myororo kwa pamoja, kama jani lenyewe.

"Kisu kile ni cha majani," alisema. "Wewe nitakuchana siku utakayoota mwituni. Haya, nionyeshe. Ni upi nilioletewa?"

Nikauinua.

"Huu? Ala! Huu si mkono wa kike tu?"

"Wa kike?"

"Huu wa kuume, na huu wa kike," alisema, akiigusa yote miwili. "Nyinyi watoto wa Ukunda mwasema kulia, mwasema kushoto. Sisi wa zamani ndivyo tulivyosema."

Yeye alisema kuume, mimi nikasikia kiume. Niliitazama mikono yangu na kila kitu kikawa wazi. Mimi ni mtoto wa kike. Mkono wangu ni wa kike. Muda wote huo Mama na ustadhi na jirani walikuwa wakinilazimisha kutumia mkono wa wanaume! Sikuuliza zaidi. Nilihofu nikiuliza, neno lile tamu lingerudishwa lilikotoka. Kitambaa cha leso nilikiacha pale chini, kuku wakakipitia.

Majuma yaliyofuata ndiyo ninayoyatamani hadi leo, hasa jua linapolegea na mtu wa nyumba ya pili anapopasua nazi. Bibi alinifunza kusuka. Hakukaa ubavuni mwangu kama wanavyokaa wanaofunza. Alikaa mbele yangu, magoti yake yakigusana na yangu, ili mkono wake wa kuume uwe upande wa mkono wangu wa kike. Alichokifanya yeye, nami nilikifanya, kama mtu na kivuli chake majini. Miaka mingi baadaye, nilipoiweka simu mbele ya kioo, nilijiona mwerevu sana. Kumbe nilikuwa nakumbuka tu.

Nilisuka nikafumua. Chane moja ikitokeza kidogo nilifumua hadi mwanzo. Jirani yake Bibi, Bi Mwanakombo, ambaye alikuja kila alasiri na ukili wake kichwani na ulimi wake tayari, alinitazama akatikisa kichwa.

"Mtoto huyu afumua kuliko anavyosuka. Mume wake atalalia majani matupu."

"Wako yualalia nini?" Bibi akamjibu. "Na mikeka yote waipeleka sokoni!"

Bi Mwanakombo alicheka akanipiga begani. Lakini siku hiyo aliuchukua ukili wangu, akaupindua, akausogeza karibu na macho.

"Hee! Huu walala kinyume. Tazama mshazari wake. Una mashoto huu!"

"Walala upande unaoutaka," Bibi alisema.

"Nao hautashonana na wetu. Ukiutia, mkeka utavuta upande mmoja kama kanzu iliyokatwa vibaya. Mfunze mapema, Bi mkubwa. Baadaye utakuwa na ukili usio na pa kwenda."

Hakusema kwa ubaya. Lakini nilisikia damu ikinipanda masikioni. Ukili ukilala kinyume maana yake mkono haujanyooka. Na mkono usiponyooka... Niliunyakua ule ukili, nikafumua wote, kazi ya siku nyingi. Nikaanza upya kwa mkono wa kulia, vibaya, nikafumua, nikaanza tena, hadi chane zikaanza kukatikakatika na kuniachia nyuzi mapajani. Bi Mwanakombo alikuwa ameshakwenda zake. Bibi aliushika mkono wangu, akautuliza.

"Jani lina mwisho wake, mwanangu. Ukilifumua sana halirudi kuwa jani. Lawa taka."

"Nimekosea."

"Umekosea. Mimi pia nimekosea, hapa, na hapa." Alinionyesha ukili wake, na kweli, ulikuwa na mahali palipobana na mahali palipolegea. "Sasa tazama. Ukisuka mbele, kosa liko wapi?"

Nikatazama. Ukili ulikuwa umejikunja nyuma yake kwenye duara kubwa. "Nyuma."

"Basi liache huko. Ukili hauwi mrefu bila kuacha kitu nyuma."

Akanipa chane mpya. Akasogea mbele yangu, magoti kwa magoti. "Kwa mkono wako," alisema. Nikasuka, na nilipokosea alinigonga goti kwa goti lake, ishara kwamba ameona na kwamba niendelee.

Mama alikuja siku yake ya mapumziko. Nilimwona tangu kwenye mikorosho, buibui limejaa vumbi jekundu, mkononi mkate na vipande vya sabuni za hotelini. Nilimkimbilia kwa furaha na kwa hofu pia, kwa sababu sikujua kama nimepita mtihani. Bibi alikuwa amepika sima, na mchunga, ile mboga chungu ambayo nyumbani sikuila na kwa Bibi niliila. Tulikaa kuzunguka sahani. Nikanawa, nikasema bismillahi, nikautia mkono wangu wa kushoto katika sima, kwa fahari.

"Mama!" Mama yangu hakuniita mimi, alimwita mamake. "Nilikuachia umnyooshe!"

Nikawahi kueleza, mdomo umejaa. "Mama, huu ni mkono wa kike. Bibi ameniambia. Huo mwingine ni wa kiume. Mimi si mwanamume!"

Bibi akaanguka ubavu. Alicheka hadi leso ikamtoka kichwani, akajipiga mapaja, akasema "Yallah, huyu mke mwenzangu ataniua!" Mama alijaribu kubaki na hasira yake. Kona za mdomo zilimtetemeka. Nilidhani atacheka naye, lakini yalitoka machozi, nayo yalishuka pande zote mbili za uso bila kupanguswa na mkono wowote.

Bibi alipopata pumzi alinivuta karibu. "Sikiliza, na usikie vizuri. Kuume, si kiume. Mkono wa kulia maana yake wa kulia chakula, si wa kulia machozi. Machozi hayana mkono. Utakula kwa huu, na utamwamkia mtu kwa huu. Hivyo ndivyo tulivyofunzwa na dini yetu, na wewe ni mtoto wetu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Lakini kazi," Bibi alisema, na sasa alikuwa akimtazama Mama, "kusuka, kuandika, kufagia. Hizo nani alisema lazima kwa mkono wa kuume?"

Mama alijibu taratibu, macho kwenye sahani. "Wewe ulisema, mama."

Nzi alitua kwenye mchunga na hakuna aliyemfukuza. Kisha Bibi aliinuka, magoti yakimlia, akaingia ndani. Tulimsikia akiburuta kitu uvunguni. Alipotoka alikuwa na duara la ukili uliozeeka, rangi yake ya asali iliyokaa sana, umefungwa kwa kamba ya jani. Aliuweka mapajani mwa Mama. Kisha akauchukua ukili wangu, akaufungua kidogo, akaulaza kando yake.

Zote mbili zililala kinyume. Mshazari wake ulikuwa mmoja, kama mvua ya upepo mmoja.

"Nilikunyoosha," Bibi alimwambia. "Ukanyooka. Na tangu siku hiyo hukusuka tena. Huu sikuweza kuushona na wangu. Kuutupa nako nilishindwa."

Ndipo nikakikumbuka kile kikombe hewani.

Mama aliupapasa ule ukili wa zamani kwa muda mrefu, akiupitisha vidoleni kama tasbihi. Mwisho wake ulikuwa bado wazi, chane zake zimekauka zikasimama kama masharubu. Bibi akachovya vidole katika bakuli la kunawia, akazilowesha chane zile, akachopeka jani jipya. Akasogeza kigoda, akakaa mbele ya Mama, magoti kwa magoti.

Mama akasuka. Mkono wa kushoto uliongoza, polepole, kisha si polepole tena. Uso wake ulikuwa uso nisioujua. Ulikuwa wa msichana fulani ambaye sikuwahi kukutana naye na ambaye ningependa sana kuwa rafiki yake. Sima ilipoa. Hakuna aliyesema tule. Ule utepe ulikua kiasi cha shubiri hivi, kipande kibichi chenye rangi ya kijani kikitoka katika kile cha kale.

"Hodi hapa!" Ilikuwa sauti ya Bi Mwanakombo, kutoka kwenye kichochoro.

Mama aliuachia ukili kama mtu aliyeshika kaa la moto. Akaukalia mkono wake. Kweli, aliuingiza chini ya paja na kuukalia, mwanamke mzima, kama nilivyokuwa nikifanya mimi chuoni. Bi Mwanakombo alipoingia alimkuta Mama akiwa ameketi wima, akitabasamu, akimwamkia kwa mkono wa kulia.

Ile shubiri moja ndiyo ninayoitamani kuliko vitu vyote. Nimechora mikono mingi ya mabibi harusi, na kuna nyakati nikizama katika kazi, koni ikienda yenyewe, hujiuliza kama uso wangu wakati huo unafanana na ule niliouona siku ile. Sina wa kumuuliza.

Jua lilipopinda Mama alifunga buibui. Nilisimama kizingitini. Bibi alikuwa ameshanifungia nguo zangu, lakini mimi sikutoka.

"Njoo basi," Mama alisema.

"Haujanyooka." Niliuinua. "Mkono. Haujanyooka, Mama."

Alinitazama. Nadhani aliutazama na mkono pia, na wake, na ule ukili uliokuwa umebaki mapajani mwa Bibi. Akaninyooshea kiganja.

"Twende hivyo hivyo," alisema.

Hakunifunga kitambaa tena. Aliendelea kuogopa maneno ya watu, na mimi niliendelea kuogopa kila kitu. Hatukugeuka watu wengine njiani kurudi Bongwe. Lakini tulikwenda hivyo hivyo. Nilipokua na kuanza kazi hii, na mteja wa kwanza akaiosha hina yangu mbele yangu kwa sababu hakutaka "mchoro wa shoto", nililala siku mbili nikiwa nimegeukia ukuta. Hakuna maneno ya busara yaliyoniinua. Nilisikia tu kiganja kile na maneno yale mawili, hivyo hivyo, nikaamka, nikakanda hina.

Bibi alishona msala kutokana na ule ukili wa Mama na wangu. Alisema ukili wa shoto hushonwa na wa shoto, jambo rahisi hivyo, na kwamba alichelewa tu kuupatia mwenzake. Msala wenyewe ni mdogo na haujanyooka vizuri pembeni. Bibi amefariki, nyumba ya Mkongani wanaishi watu wengine wa ukoo, na barazani pake sasa pamepangwa madumu. Msala ninao mimi. Nikisujudu, magoti yangu yako kwenye ukili wa Mama na paji la uso liko kwenye wangu, na kati yake naiona ile shubiri moja, ambayo nayo imeshakuwa rangi ya asali. Kuna makosa yangu mengi pale. Nayajua yote. Yako nyuma.

Siku ile ya beseni nilinunua fungu la milala, nikalibeba likidondosha maji hadi kwenye nyumba ya harusi. Shangazi hakukosekana. "Mwanangu, utamchora mwari wetu kwa huo?" Jasho likanitoka. Nikamwambia, "Ndiyo, shangazi, kwa huu." Katika jani la tatu la mchoro niliibana koni kupita kiasi, na mstari ukatoka mnene. Hina hata ukiifuta huacha alama, hushika papo hapo. Niliutazama nikitamani kufumua mkono mzima wa yule msichana hadi kwenye bega. Kisha nikasuka mbele, yaani nikachora, na mstari ule ukawa kikonyo cha ua ambalo sikuwa nimelipanga.

Alasiri nilifika Bongwe kwa Mama. Hotelini ameshaacha. Kifundo cha mkono wake wa kulia kimechoka kwa pasi za miaka mingi, naye hukisugua kwa mafuta akidhani simwoni.

"Milala ya nini hiyo?"

"Nimeinunua tu."

"Na nani atakayeisuka?"

"Sijui, Mama."

Nilitia maji katika beseni, nikaiweka milala ndani, nikalisogeza beseni karibu na kiti chake. Harufu ikajaa chumba. Nikasema naenda kutia chai motoni, nikaenda jikoni, nikasimama nimempa mgongo nikiyangoja maji yaliyokuwa hayajaanza hata kuvuma. Nyuma yangu nikasikia maji ya beseni yakitikisika, na punde jani likipasuliwa kwa ukucha, taratibu, kutoka ncha hadi shina.

Sikugeuka kutazama ni kwa mkono upi.